Joto Linaloingia Baada ya Jua Kuzama

Ukuta wa matofali ya inchi sita hupokea joto mchana na kulikabidhi usiku. Jua la magharibi huuchapa kwa nguvu zote mnamo saa kumi alasiri, lakini mtu aliye chumbani akiegemeza kiganja upande wa ndani saa hiyo hahisi jambo kubwa. Joto liko njiani. Litapenya mchanga na saruji taratibu, litatokeza ndani yapata saa mbili usiku, na litaendelea kumwagika chumbani hadi saa nne, saa tano, wakati watoto wameshalazwa na nje kumeanza kuvuma upepo. Ndiyo maana Mbagala, Tabata, Likoni au Kisauni utakuta familia nzima imetandika mkeka uani usiku wa Februari, huku nyumba iliyowagharimu miaka ya kudunduliza imesimama wazi nyuma yao, haikaliki.

Aliyetupa hesabu ya safari hiyo ya joto ni Mfaransa Joseph Fourier. Alikuwa mmoja wa wasomi waliofuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, na inasimuliwa kwamba aliporudi Ufaransa hakuiweza tena baridi: vyumba vyake aliviacha viwe na joto la kumshinda mgeni, naye mwenyewe bado kajigubika nguo nzito. Mwaka 1822 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu namna joto linavyosafiri ndani ya vitu vigumu. Swali mojawapo lililomshughulisha lilihusu ardhi. Uso wake unapashwa na kupoa kwa zamu, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Je, chini kule hutokea nini? Jibu lake ni kwamba joto huingia kwa mawimbi, na kila wimbi linavyozama hupatwa na mambo mawili: linachelewa, na linafifia.

Ukuta hauna tofauti. Kwa ukuta wa saruji na mchanga wenye unene wa sentimita 15, hesabu hiyo inatoa ucheleweshaji wa muda wa saa 4 hivi, na wimbi linalotokea upande wa pili huwa limebakiwa na theluthi moja ya nguvu zake. Ukiufanya unene kuwa mara mbili, ucheleweshaji nao unakuwa mara mbili, lakini nguvu inashuka zaidi ya hapo: inabaki theluthi ya theluthi, yaani moja ya tisa. Ukifikia nusu mita ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, joto la mchana mmoja linatumia zaidi ya nusu siku njiani na linafika limekwisha kabisa. Mkazi wa ndani anachohisi si jua la leo wala la jana. Anahisi wastani wa siku kadhaa.

Kuchagua kitu cha kujengea ukuta, kwa hiyo, ni kuchagua saa ambayo joto litakufikia. Mazungumzo yetu ya ujenzi hayaanzii hapo hata kidogo. Yanaanzia kwenye bei, kisha uimara, kisha sura ya nyumba kwa anayepita barabarani. Na ukimuuliza fundi kama chumba kitakuwa cha joto, jibu la kawaida ni kwamba utaweka feni.

Jaribio moja la Misri linafaa kukumbukwa hapa. Msanifu majengo Hassan Fathy, aliyetumia maisha yake kuwatetea mafundi wa udongo wa Misri ya Juu, alishiriki mwaka 1964 kujenga vijumba vya majaribio katika kituo cha utafiti wa ujenzi mjini Cairo. Kimoja kilikuwa cha matofali ya udongo mabichi, kuta zenye unene wa nusu mita na paa la kuba la udongo huohuo. Kingine kilikuwa cha vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, sentimita 10 tu, kuta na paa. Vipimajoto vikawekwa ndani ya vyote viwili siku ya Machi. Katika kijumba cha udongo joto lilicheza kati ya digrii 21 na 23 mchana kutwa na usiku kucha. Katika kile cha zege lilipanda hadi 36, digrii 9 zaidi ya hewa ya nje. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama nje kivulini alikuwa na afadhali kuliko aliyejikinga humo ndani.

Ni rahisi kusoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba udongo ni mzuri na saruji ni mbaya. Lakini unene haukuwa sawa. Zege la nusu mita lingechelewesha joto vizuri pia, ila hakuna ambaye angeweza kulilipia, na hapo ndipo udongo unaposhinda: ni kitu pekee ambacho mtu wa kawaida anaweza kukirundika kwa unene huo. Vilevile Cairo ni mji wa ukame. Usiku wake unapoa, na ukuta mnene unahitaji usiku wa namna hiyo ili upakue shehena ya mchana. Usipopata nafasi ya kupakua, kesho yake unaanza ukiwa na mzigo.

Tanzania inazo hali zote mbili, ya usiku unaopoa na ya usiku usiopoa, na safari ya kutoka moja hadi nyingine ni ya siku moja kwa basi. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni kavu, na kati ya joto la alasiri na baridi ya alfajiri kuna tofauti ya digrii 12 au zaidi. Wagogo walijenga tembe: nyumba fupi ya miti na udongo, yenye paa bapa lililofunikwa udongo pia, kuta nzito, uwazi mchache. Kwa hali ya hewa ile tembe ni kazi ya akili. Mchana paa la udongo linalimeza jua, usiku linaanza kulirudisha taratibu saa ambazo baridi ya nyanda za juu imeshaingia na joto kidogo ni neema. Limeachwa kwa sababu zake: linavuja mvua ikizidi, linachosha kulitengeneza kila mwaka, na miaka mingi limehesabiwa kuwa alama ya umaskini. Hata hivyo bati tupu lililochukua nafasi yake linaunguza mchana na kumuacha mwenye nyumba akitetemeka usiku wa Julai.

Dar es Salaam ni kinyume. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana hufika digrii 32, na usiku kipimajoto kinashuka kwa shida chini ya 24 au 25. Tofauti ni ndogo na hewa imejaa maji. Ghala la joto huku halipati saa nzuri za kujimwaga. Mtu atauliza: mbona basi Waswahili wa kale walijenga kuta nene kama za Misri? Sehemu ya jibu ni kwamba kuta hizo hazikupigwa na jua. Vichochoro vya Mji Mkongwe na vya Lamu ni vyembamba, nyumba zinatiliana kivuli, na kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Vyumba vyenyewe vilikuwa virefu kwenda juu na vyembamba kwenda upande, maana boriti za mikoko hazivuki kwa usalama zaidi ya mita 3 hivi. Wakazi nao hawakulala popote tu. Mchana waliishi chini, penye mawe na ubaridi. Usiku wakatafuta juu, na juu ya nyumba nyingi za Lamu hadi leo kuna banda la makuti lisilo na kuta, linalopitisha upepo pande zote.

Huo mgawanyo wa mchana na usiku ndio kiini. Chumba cha kukaliwa mchana, kama darasa, ofisi au sebule, kinafaidika na ukuta mzito uliokingwa jua, kwa sababu utakuwa unachelewesha joto hadi watu waondoke. Chumba cha kulala cha Pwani kinahitaji kitu chepesi, kinachopoa mara jua linapotua. Sisi tumejenga kila kitu kwa tofali moja, na mara nyingi vyumba vya kulala ndivyo vilivyosukumwa upande wa magharibi kwa sababu sebule imechukua upande wa barabara.

Hata hivyo ukuta si mkosaji mkuu. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mnamo Oktoba, na miezi iliyo katikati haliendi mbali. Saa sita mchana kila mita mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000 za jua, ilhali ukuta wa kaskazini au wa kusini unaguswa kwa pembeni tu. Nyumba ya chini yenye paa la mita mraba 100 imebeba kichwani nguvu ya pasi mia za umeme.

Joto hilo likishaingia kwenye bati halimfikii mtu kwa njia anayoidhania. Wengi wetu tunafikiri bati linapasha hewa, na hewa inatupasha sisi. Lakini hewa ya moto hupanda na kukaa juu, hailetwi chini na chochote. Kinachoshuka ni miale isiyoonekana. William Herschel, mwanafalaki wa Uingereza mwenye asili ya Ujerumani, aliigundua mwaka 1800 alipopitisha jua kwenye kioo cha pembe tatu na kuweka vipimajoto katika kila rangi iliyotokea. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote kwa jicho, ndicho kilichopanda kuliko vingine. Karibu nusu ya nguvu ya jua inatufikia kwa namna hiyo ya giza. Na kila kitu chenye joto, bati, ukuta, mwili wa jirani yako kwenye daladala, kinatoa miale ya jamii hiyo muda wote.

Ni kiasi gani? Mwaka 1879 Joseph Stefan, profesa wa Vienna, alichambua vipimo vya watangulizi wake akaona kwamba miale haiongezeki sambamba na joto. Inaongezeka kwa nguvu ya nne, joto likihesabiwa kuanzia sifuri halisi, digrii 273 chini ya barafu. Tuiweke kanuni hiyo chini ya bati. Bati kuukuu lenye kutu, lililofika digrii 65 saa saba mchana, linatuma chini zaidi ya wati 650 kwa kila mita mraba. Ngozi ya mtu, yenye digrii 34, inarudisha chini ya 500. Kwa hiyo aliyekaa chini yake anapokea kuliko anavyotoa, hata kama dirisha liko wazi na hewa inayomzunguka ni ya kawaida. Ndiyo ile hali ya kuhisi kichwa na mabega yanaungua ilhali miguu ni mizima. Wanafunzi wa shule zisizo na dari wanaijua vizuri kuliko mtaalamu yeyote.

Ndani ya kanuni hii kuna jambo linalowashangaza hata mafundi. Bati jipya la fedha, lisilopakwa rangi, ni bahili wa miale: likiwa na joto lilelile linatuma chini kama robo tu ya kile kinachotumwa na bati lililopata kutu. Kadiri linavyochakaa linapoteza sifa mbili kwa pamoja. Juu linaacha kurudisha mwanga wa jua, chini linaanza kutema joto kwa ukarimu. Nyumba ambayo ilivumilika mwaka wa kwanza inakuwa tanuri mwaka wa kumi, na mwenye nyumba anadhani ni dunia imebadilika. (Dunia nayo imebadilika, lakini si kwa kiasi hicho.)

Rangi basi. Bati jeupe linaweza kurudisha robo tatu ya nguvu ya jua au zaidi likiwa safi. Bati la rangi ya damu ya mzee, kijani kibichi au kijivu cha mkaa, rangi zinazotawala Goba na Kigamboni, linameza sehemu kubwa. Yapo mabati ya rangi nzito ambayo kiwanda kimetumia rangi maalumu zinazorudisha ile nusu ya jua isiyoonekana, hivyo mapaa mawili yanayofanana kwa jicho yanaweza kutofautiana sana kwa kiganja. Kwa bahati mbaya muuzaji wa kawaida hana habari hiyo. Njia ya uhakika ni kuyaweka mabati mawili juani saa sita na kuyagusa baada ya robo saa. Weupe nao una adui: vumbi, moshi na ukungu wa masika huula. Paa jeupe lisilooshwa si jeupe.

Miaka ya karibuni wanasayansi wameusukuma weupe mbali zaidi. Mwaka 2014 Aaswath Raman, Shanhui Fan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kipande cha matabaka membamba kilichokaa juani mchana na bado kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka, kwa karibu digrii 5, bila umeme wowote. Hakuna uchawi. Hewa ya dunia hupitisha aina fulani za miale ya joto moja kwa moja hadi angani, ambako ni baridi mno. Kipande kile kilirudisha karibu jua lote na kutoa miale yake kupitia mlango huo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, nako Marekani, walitangaza rangi ya kupaka inayorudisha asilimia 98 ya mwanga wa jua. Habari hizi huandikwa kana kwamba viyoyozi vimekwisha. Kwa msomaji wa Tanga au Malindi kuna kipingamizi: mvuke wa maji hewani huuziba mlango huo kwa sehemu kubwa. Anga kavu la Dodoma au Turkana lina faida hapo. La Pwani lenye unyevu linakurudishia sehemu ya ulichotuma. Kurudisha jua kunasaidia popote, kutuma joto angani kunategemea ulipo.

Kwa mjenzi wa leo kilicho karibu zaidi ni dari. Dari yenye digrii 33 juu ya kichwa inatuma miale inayokaribia kulingana na ile ya ngozi, na ile miale ya bati la moto inakatika. Ubao mwembamba unatosha, jipsamu inatosha, hata mikeka iliyotandazwa vizuri inafanya kazi. Kinachofuata ni kuiondoa hewa iliyonaswa kati ya dari na bati: matundu chini ya upenu, na mengine juu karibu na kipeo, yote yenye wavu. Karatasi ya foili ya alumini chini ya bati ni nyongeza nzuri sana, kwa kuwa inatoa chini ya moja ya kumi ya miale ambayo kitu cha kawaida kingetoa. Ila masharti yake hayana huruma. Uso unaong'aa lazima uangalie chini na uwe na nafasi ya hewa mbele yake. Nimeona paa ambalo foili ilibanwa kati ya mbao na dari, ikigusa pande zote mbili. Alumini hupitisha joto kwa mguso haraka kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya nyumba. Foili ya namna hiyo ni pambo la ghali lisiloonekana.

Kuhusu mapaa yaliyofichwa nyuma ya ukuta, mtindo uliotamalaki mijini, nitasema ninavyoona. Yanapendeza kwenye picha. Lakini yameondoa upenu, uliokuwa ukitia ukuta kivuli na kuuzuia usilowe. Yameibana nafasi ya juu ya dari kiasi kwamba hewa haina pa kutokea. Na maji ya mvua yamelazimishwa kupita kwenye mfereji uliojificha ambao siku ukiziba utajua kwa madoa ya dari. Bati lenyewe mle ndani ni lilelile. Sijaona mtu wa Pwani anayefaidika na paa hilo isipokuwa mwenye kuuza viyoyozi.

Wapo waliolifikiria suala la chumba cha kulala upya kabisa. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, msanifu majengo Jakob Knudsen kutoka Denmark na daktari mtafiti Lorenz von Seidlein walishirikiana na wenzao wa Tanzania kujenga nyumba chache za majaribio na kukabidhi familia za kijijini zikae humo. Kuta hazikuwa za tofali. Zilikuwa za vitu vyepesi vinavyopitisha hewa, mianzi, mbao na wavu wa kivuli ule wa wakulima wa mboga, na kadhaa zilikuwa za ghorofa moja juu, watu wakilala huko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ndani kulikuwa na ubaridi wa zaidi ya digrii 2 kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walioingia walikuwa wachache kwa mbali, hasa ghorofani, maana mbu wa malaria hupendelea kuruka chini chini. Digrii 2 zinasikika kidogo. Kwa mtu anayelala ndani ya chandarua ni tofauti kati ya kukivumilia na kukitupa pembeni saa saba usiku.

Mbu wameingia kwenye habari hii kwa mlango mwingine pia, na wanavuruga mambo. Utafiti uliofanywa Gambia umeonyesha kwamba mbu wa malaria wanaoshinda ndani ya nyumba za bati hufa kwa wingi zaidi kuliko walio kwenye nyumba za nyasi, kwa sababu lile joto la mchana linalotutesa sisi linawaua wao. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye makuti kwa sababu ya ubaridi tu ana deni la kujibu. Makuti ni kinga bora ya joto: mepesi, yamejaa hewa, hayachelewi kupoa. Pia yanashika moto, yanahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka, na yanawapa mbu pango. Bati lililopozwa kwa weupe na dari, likiambatana na nyavu madirishani, linampa mwenye nyumba sehemu kubwa ya faida za pande zote mbili. Bati lililopozwa bila nyavu linaweza kuwapoza na mbu.

Sasa madirisha, ambako pesa nyingi hupotea. Mwili wa mtu aliyekaa unazalisha kama wati 100 za joto, na ukishindwa kuzitoa kwa miale na kwa hewa unabaki na jasho. Kukausha gramu 150 hivi za jasho kwa muda wa saa moja kunaweza kubeba mzigo wote huo, ila lazima likauke. Linalotiririka mgongoni halikusaidii. Kwenye unyevu wa Pwani jasho halikauki bila upepo. Mwendo wa hewa wa mita 1 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kupeperusha karatasi mezani, unamfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka digrii 3 hivi. Halafu tunanunua dirisha la alumini la kusukuma, ambalo kwa umbo lake haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, tunaliwekea wavu ulioziba vumbi, na tunaliweka kwenye ukuta mmoja tu wa chumba, hewa ikaingia ikakosa pa kutokea. Madirisha ya zamani ya vioo vya vipande, yaliyofunguka karibu yote, yalikuwa na aibu ya kupitisha vumbi na mwizi. Kwa upepo hayakuwa na mshindani. Dirisha la mbao la vibao vya mlazo, lile la nyumba kongwe za Mombasa, lilipitisha upepo na kuzuia jua na macho ya mpita njia kwa pamoja. Kioo kikubwa cha magharibi hakifanyi lolote kati ya hayo: kinaingiza mwanga wa jua, kisha kinakataa kuitoa nje miale ya joto inayorudishwa na sakafu na makochi.

Feni inaeleweka vizuri zaidi baada ya hapo. Haipozi chumba, inapoza watu, na ikiwashwa katika chumba kisicho na mtu inakula uniti za umeme bure. Feni ya dari inatumia wati 60 hivi; ikizunguka kwa muda wa saa 10 haijamaliza uniti moja. Kiyoyozi kidogo cha chumba kinavuta kama wati 1,000 kikiwa kazini, na chini ya bati lisilo na dari hakipumziki, kwa sababu kinapigana na lile bati la moto lililo juu, ambalo halijui kwamba hewa imepozwa. Watu hushangaa kwamba kipimajoto cha kiyoyozi kinaonyesha 24 na bado wanahisi joto. Kipimajoto kinapima hewa. Miale ya dari na ya ukuta wa magharibi kinaiacha.

Mwenye fedha kidogo aanzie juu: bati la rangi nyepesi, upenu mpana, dari yenye matundu ya kupumulia. Kisha madirisha mawili yanayotazamana katika kila chumba cha kulala, hata kama yatakuwa madogo. Kisha magharibi: mwarobaini au mwembe, veranda, choo, stoo, jiko, chochote kisicho kitanda. Tofali lije mwisho. Kati ya tofali la saruji, la kuchoma na lile la udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo ambalo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, NHBRA, umekuwa ukilinadi kwa miaka, tofauti ya joto kwa unene uleule si kubwa kiasi cha kumnyima mtu usingizi. La kushindiliwa linaokoa saruji na kuni, na hiyo ni sababu nzuri ya kulichagua, lakini ukuta wake ukiachwa upigwe na jua la saa kumi nao utakabidhi joto usiku kama wenzake.

Mpangaji hana paa la kuchagua wala ukuta wa kuhamisha. Anachoweza ni kuvuta kitanda mbali na ukuta wa magharibi, hata kwa hatua mbili, na kutundika mkeka au turubai nje ya ukuta huo, si ndani, ili jua likwame kabla ya kuugusa. Mwenye nyumba akikubali, ndoo ya chokaa nyeupe upande huo na juu ya bati ni kazi ya Jumamosi moja. Na pale ambapo dari haipo, shuka jeupe au kitambaa cha turubai kilichokazwa kwa kamba chini ya kenchi kitakata sehemu ya miale, ilimradi kikae mbali na balbu na nyaya.